Nyaraka za Wakili na Neno la Shahidi: Uhakiki wa Istilahi za Kesi za Ardhi, Karatu na Ngorongoro

Istilahi za sheria zinazotumika nchini zimetungwa, kwa sehemu kubwa, kutokana na maandishi ya sheria zenyewe. Mtunzi huichukua Sheria ya Bunge iliyoandikwa kwa Kiingereza, hulitenga neno lililo gumu, hulitafutia neno la Kiswahili linalolikaribia, kisha hulifikisha mbele ya kamati ili lijadiliwe na kusanifishwa. Utaratibu huo umetupatia maneno mengi mazuri tangu Baraza lilipoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, wala si nia yetu kuubeza. Hata hivyo una upungufu mmoja ambao makala haya yanakusudia kuuonyesha. Neno la sheria halipimwi katika kitabu cha sheria. Hupimwa mahakamani, pale mkulima au mfugaji anapolisikia likitumika juu ya shamba lake au malisho yake. Na mahali ambapo neno la shahidi, neno la mkalimani na neno la sheria huonekana yote pamoja, yakiwa bado na alama za mikono iliyoyaandika, ni katika nyaraka za wakili aliyeiendesha kesi.

Tumechagua kesi za ardhi za Karatu na Ngorongoro kwa sababu mbili. Kwanza, katika kijiji kimoja cha Karatu ndiko ilikoanzia kesi ambayo mwaka 1994 iliilazimu Mahakama ya Rufani ya Tanzania kueleza maana ya haki ya mwananchi juu ya ardhi aliyo nayo kwa mila. Pili, huko Ngorongoro neno moja la Kiswahili, yaani hifadhi, limetumika kwa miongo mingi katika kuamua nani akae wapi, na alime au asilime. Zaidi ya hayo, katika sehemu hizo Kiswahili chenyewe ni lugha ya katikati. Mzee wa Karatu huwaza kwa Kiiraqw, wa Ngorongoro kwa Kimaasai, na baadhi ya majirani zao kwa Kidatoga na Kihadza. Ushahidi wake hugeuzwa kuwa Kiswahili na mkalimani, na kwa miaka mingi uliandikwa na hakimu kwa Kiingereza. Kwa hiyo neno la shahidi lilivuka mito miwili kabla ya kufika katika hukumu, na linapoletwa kwetu ili tulitafutie istilahi, huvuka mto wa tatu.

Nyaraka za wakili ni kitu gani?

Neno wakili lenyewe lina fundisho. Limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenziwe alisimamie. Kwa jamaa hiyo hiyo ya maneno tuna uwakili, wakala na kuwakilisha. Kwa maana hiyo, karatasi zilizomo katika kabati la wakili si mali yake kama zilivyo nguo zake. Ni amana. Humo mna maelezo ya mteja yaliyoandikwa kwa mkono siku ya kwanza alipofika ofisini, barua za kijiji, mihtasari ya mikutano, stakabadhi, na pengine ramani iliyochorwa kwa kalamu ikionyesha mti, kijito na kaburi la babu. Baadaye hufuata hati ya madai, majibu ya madai, viapo, vielelezo, mwenendo wa shauri na hukumu. Sehemu ya kwanza ya jalada kwa kawaida huwa ya Kiswahili. Sehemu ya mwisho, katika mahakama za juu, imekuwa ya Kiingereza. Mtafiti akizisoma kwa kufuata tarehe ataona jinsi neno lilivyobadilika kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Tutoe mfano wa namna jambo hilo linavyoweza kutokea. Mkulima husema, "Shamba hili alilifyeka baba." Karani huandika, "Shamba la urithi." Wakili, akiandika kwa Kiingereza, hulazimika kutumia jina la haki linalotambuliwa na sheria. Jaji hulipokea jina hilo na kulipima. Mwandishi wa gazeti hulirudisha katika Kiswahili kwa kuandika "umiliki wa kimila". Hakuna aliyesema uongo katika safari hiyo yote. Lakini kule kufyeka, ambako ndiko kulikompa baba haki machoni pa majirani zake, kumepotea njiani. Mahakama inapouliza baadaye ni kazi gani iliyofanywa juu ya ardhi hiyo, jibu lililokuwamo katika kauli ya kwanza halimo tena katika maandishi.

Nchi nyingine zimeitambua thamani ya karatasi za namna hii. Wakili wa Kiingereza D. N. Pritt, aliyemtetea Jomo Kenyatta na wenzake watano huko Kapenguria mwaka 1952 na 1953, na kumtetea Mwalimu Julius Nyerere mjini Dar es Salaam mwaka 1958 katika kesi ya kashfa iliyotokana na gazeti la Sauti ya TANU, aliacha nyaraka zake binafsi, nazo zimewekwa katika maktaba ya London School of Economics. Kwa upande wetu, mfano ulio karibu zaidi na Karatu ni wa Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya uwakili Moshi. Wameru walipoondolewa Engare Nanyuki mwaka 1951 ili kuwapisha walowezi, Seaton aliwasaidia kuandaa malalamiko yao, na mwaka 1952 mjumbe wao Kirilo Japhet aliyafikisha Umoja wa Mataifa mjini New York. Azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Lakini mwaka 1967 Japhet na Seaton walichapisha mjini Nairobi kitabu kiitwacho The Meru Land Case, na kesi iliyoshindwa ikaendelea kusomwa.

Kitabu hicho kinastahili heshima kubwa, maana kinaonyesha manufaa yanayopatikana pale wakili na mteja wanapolifungua kabati lao mbele ya umma. Lakini tukikitazama kwa jicho la mtunga istilahi, kinatuacha na njaa. Kimeandikwa kwa Kiingereza. Msomaji ataijua hoja ya Wameru, wala hataweza kukijengea Kiswahili orodha ya maneno kutokana nayo. Tunalisema hili si kwa kuwalaumu waandishi. Walikuwa wakizungumza na ulimwengu, na lugha ya ulimwengu huo ilikuwa Kiingereza. Tunalisema kwa sababu kosa hilo hilo likifanywa leo halina udhuru.

Kumiliki na kukalia

Sasa tuitazame kesi ya Karatu. Kijiji cha Kambi ya Simba kimo katika Kata ya Mbulumbulu. Wakati wa kesi sehemu hiyo ilihesabiwa kuwa ya Wilaya ya Mbulu, kabla Karatu haijawa wilaya peke yake. Baba na mwanawe, ambao wameingia katika vitabu vya sheria kwa shauri liitwalo Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay, walifungua madai mwaka 1987 katika Mahakama ya Hakimu Mkazi, Arusha, wakitaka kurudishiwa ardhi waliyokuwa nayo kwa mila. Walishinda, wakakabidhiwa ardhi. Rufani ya upande wa pili ilipokuwa ingali ikingoja katika Mahakama Kuu, Bunge lilitunga Sheria Na. 22 ya mwaka 1992, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo. Sheria hiyo ilifuta haki za kimila katika vijiji vilivyotokana na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, ikakataza kulipwa fidia kwa kufutwa huko, ikaziondolea mahakama uwezo wa kusikiliza mashauri ya aina hiyo na kuyakomesha yaliyokuwa yakiendelea.

Baba na mwana walirudi mahakamani, safari hii wakiishitaki sheria yenyewe kwamba inapingana na Katiba. Mahakama Kuu ikawapa haki. Serikali ikakata rufani, na mwezi Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikubaliana nao kwa sehemu kubwa. Ilisema kwamba haki ya kimila, ijapokuwa kwa asili yake ni haki ya kukaa juu ya ardhi na kuitumia tu, ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Ilisema pia kwamba mtu aliyeweka juhudi zake katika ardhi anastahili fidia ya haki, hata kama hapana jengo wala mazao ya kudumu yaliyobaki juu yake. Isingekuwa hivyo, ilieleza Mahakama, sehemu kubwa ya wananchi wangekuwa kama maskwota katika nchi yao wenyewe.

Hukumu hiyo ni jambo kubwa katika historia ya sheria yetu. Kwa mtunga istilahi ni mtihani. Sheria ya ardhi ya wakoloni ya mwaka 1923 iliitangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya Gavana, na marekebisho ya mwaka 1928 yakaihesabu haki ya mwananchi aliyekaa kwa mila kuwa ni aina moja ya haki ya kukaa. Katika Kiingereza jina la haki hiyo linatokana na kitendo cha kukaa mahali na kupashika. Katika Kiswahili tumeligeuza kwa njia mbili, na kila moja ina ila yake.

Njia ya kwanza ni kusema haki ya kukalia ardhi. Lakini kukalia kwa Kiswahili ni neno lenye kivuli. Mtu hukalia kiti cha mwenziwe. Jeshi la kigeni hukalia nchi ya watu. Mzee wa Kambi ya Simba akiambiwa kwamba anaikalia ardhi ya baba yake, ana haki ya kuuliza mwenyewe ni nani. Njia ya pili, nayo ndiyo iliyoshika tangu Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 za mwaka 1999, ni kusema hakimiliki ya kimila. Neno miliki ni la jamaa moja na mamlaka. Ni neno la mwenye kauli ya mwisho. Mwananchi anayepewa hati ya hakimiliki ya kimila huamini kwamba amekuwa mwenye kauli ya mwisho, na hali sheria hiyo hiyo inasema ardhi yote ni ya umma, nayo imekabidhiwa kwa Rais kama mdhamini. Neno la kwanza linatoa pungufu ya kile ilichotoa Mahakama mwaka 1994. La pili linatoa zaidi.

Kuna tatizo jingine ambalo halijazungumzwa vya kutosha. Mwaka huo huo wa 1999 Bunge lilitunga pia Sheria Na. 7, ile inayolinda kazi za waandishi na wasanii, na haki hiyo nayo kwa Kiswahili tumeiita hakimiliki. Hivyo mkulima wa Karatu mwenye shamba la ngano na mtunzi wa nyimbo wa Dar es Salaam wanadai kwa neno moja vitu ambavyo havifanani kwa muda, kwa mipaka wala kwa namna ya kurithiwa. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna madhara. Katika hati ya madai, madhara yapo.

Hatupendekezi kwamba neno hakimiliki liondolewe katika sheria ya ardhi. Limo katika hati ambazo wananchi wamekwisha kuzipokea, na kulibadilisha leo kutawatia hofu kwamba wamenyang'anywa kitu. Tunapendekeza kwamba kidahizo chake katika kamusi ya sheria kigawanywe, na kile cha ardhi kipewe fasili inayofuata hukumu ya mwaka 1994: kwamba ni haki ya kukaa na kutumia, kwamba ni mali, na kwamba haiondolewi bila fidia ya haki. Aidha, istilahi ya maendelezo, ambayo msomaji huielewa kuwa ni nyumba, kisima au mibuni, iongezewe mwenzake kwa ajili ya kazi isiyoacha jengo. Wakulima wenyewe wana neno jasho. Kamati isiliogope kwa kuwa ni la mtaani. Ndilo linalokaribia zaidi kile Mahakama ilichokusudia kukilinda.

Nani mwenyeji?

Kusini ya Karatu, katika nyanda za Hanang, kesi nyingine ya miaka iyo hiyo inatuonyesha hatari ya neno lililohamishwa bila kuangaliwa. Wanakijiji wa Mulbadaw, katika nchi ya Wabarabaig, walilishitaki Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kuhusu ardhi iliyoingizwa katika mashamba ya ngano. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 1984. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba haikuthibitishwa kuwa wadai wote walikuwa wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi.

Tumetumia hapa neno wenyeji kwa kuwa ndilo ambalo wafasiri wengi hulikimbilia. Lakini mwenyeji kwa Kiswahili ni kinyume cha mgeni. Ni mwenye mji, anayempokea mtu na kumwonyesha maji yalipo. Mfugaji aliyezikwa babu yake mahali hapo hahitaji kuthibitisha uenyeji wake; majirani wanaujua. Neno la sheria ya mwaka 1923 halikuwa na maana hiyo hata kidogo. Lilikuwa neno la kuwagawa watu kwa rangi na asili, lililowekwa na serikali ya kikoloni kwa makusudi yake. Mashahidi wanaoulizwa kwa Kiswahili kama wao ni wenyeji hujibu swali la Kiswahili. Mahakama hupima jibu kwa swali la Kiingereza. Wakili mwangalifu akiona pengo hilo mapema huongeza mashahidi, na dalili za uangalifu wa namna hiyo hubaki katika daftari lake, wala si katika vitabu vya sheria. Ndiyo maana tunasema kwamba mtunga istilahi asiyesoma daftari la wakili anafanya kazi akiwa na jicho moja.

Hifadhi na pori

Tupande sasa mpaka Ngorongoro. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimaasai walitia saini makubaliano ya kuondoka Serengeti, ambayo matini yake inayojulikana ni ya Kiingereza. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya Ngorongoro, nayo ililitenga eneo lenye ukubwa unaokaribia kilometa za mraba 8,300 ambamo watu, mifugo na wanyama pori wangeishi pamoja. Mwaka 1974 wakazi waliondolewa katika sakafu ya kreta, na mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku. Mwaka 1992 kiliruhusiwa tena, na mwaka 2009 kikakatazwa kwa mara nyingine. Historia hiyo ya ruhusa na makatazo imechambuliwa kisheria na Issa Shivji na Wilbert Kapinga katika kitabu chao cha mwaka 1998 kuhusu haki za Wamaasai wa Ngorongoro. Kwa mara nyingine tena, kitabu hicho muhimu ni cha Kiingereza.

Katika Kiswahili mambo yote hayo yamebebwa na neno hifadhi. Tunasema Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambamo hapana ruhusa ya kuishi wala kulisha. Tunasema Hifadhi ya Ngorongoro, ambamo sheria yenyewe ilitungwa ikijua kwamba watu wamo. Tunasema tena ardhi ya hifadhi, ambalo ni moja ya mafungu matatu ya ardhi katika sheria za mwaka 1999, pamoja na ardhi ya jumla na ardhi ya kijiji, na eneo la Ngorongoro limetajwa katika fungu hilo. Matokeo yake ni kwamba mkazi wa Endulen au Nainokanoka anaweza kuwa na kijiji kilichosajiliwa, chenye mwenyekiti na muhuri, na bado akabishiwa kama ana ardhi ya kijiji.

Neno hifadhi halikuzaliwa na ugomvi huo. Kuhifadhi ni kutunza kitu kisipotee. Mtoto wa chuoni huhifadhi Kurani, na aliyeihifadhi hutakiwa kuisoma mbele za watu, wala haifungii. Mtunza nyaraka huhifadhi karatasi ili wenye haja waje kuzisoma. Ni katika ardhi tu ambamo hifadhi imefika kumaanisha, katika masikio ya wengi, mahali ambapo mtu hutolewa. Tunaamini kwamba maana hiyo imepenya kwa sababu tulitumia neno moja kwa taratibu mbili za kisheria zilizo tofauti, na ile iliyo kali zaidi ikaimeza nyenzake.

Neno pori nalo lina kesi ya kujibu. Kwa Kiswahili pori ni mahali pasipokaliwa. Tulipoliita eneo fulani Pori Tengefu la Loliondo, katika Wilaya ya Ngorongoro, tuliita pori mahali ambapo palikuwa na vijiji, shule na malisho. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 1974 katazo kubwa katika pori tengefu lilikuwa la kuwinda bila kibali. Sheria Na. 5 ya mwaka 2009 ilikataza pia kulisha mifugo humo. Jina lilibaki lile lile, lakini maana ilikuwa imebadilika chini ya miguu ya watu. Mwaka 2022 kilometa za mraba 1,500 za eneo hilo zilitengwa na kuwa Pori la Akiba la Pololeti. Msomaji wa gazeti anayesikia kwamba watu wameondolewa porini huona ni jambo la kawaida, kwa maana porini hakukai mtu. Neno limekwisha kuamua kesi kabla ya shahidi wa kwanza kuapa.

Wamaasai wenyewe wana maneno ya kutenga malisho. Olokeri ni malisho yaliyowekwa akiba, hasa kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu au kwa kiangazi, na mila hupanga lini na nani aingie. Hiyo ni hifadhi kwa maana kamili ya neno, nayo haimwondoi mwenye nayo. Hatusemi kwamba Kiswahili kilichukue neno hilo kama lilivyo. Tunasema kwamba shahidi anapolitamka mahakamani, mkalimani asilifasiri kuwa pori, kwa maana atakuwa ameigeuza hoja ya shahidi kuwa kinyume chake.

Twapendekeza kwa hiyo kwamba Baraza litofautishe waziwazi hifadhi isiyo na wakazi na hifadhi yenye wakazi, na kwamba tofauti hiyo iingie katika fasili za kamusi na katika tafsiri za sheria. Haja hiyo imezidi tangu mwaka 2022, wakati Serikali ilipoanza kuwahamishia baadhi ya wakazi wa Ngorongoro katika kijiji cha Msomera, Wilaya ya Handeni, kwa mpango ulioitwa wa kuhama kwa hiari. Serikali imeeleza kwamba watu na mifugo wameongezeka kupita uwezo wa eneo, na kwamba wanaohama wanapewa nyumba na mashamba. Baadhi ya wakazi na watetezi wao wamejibu kwamba hapana hiari pale huduma za jamii zinapopunguzwa. Si kazi ya jarida la istilahi kuamua kati yao. Ni kazi yake kukumbusha kwamba hiari kwa Kiswahili ni kuchagua kati ya mambo mawili ambayo yote yanawezekana, na kwamba atakayelitumia neno hilo katika hati ya mahakama atatakiwa kuyaonyesha yote mawili.

Maneno ya kuzitunza nyaraka zenyewe

Imebaki kuhakiki maneno tunayoyatumia kwa karatasi za wakili. Hapa pia pana machafuko. Waraka ni barua ya maagizo kutoka ofisi kuu. Nyaraka, ambao ni wingi wake, ni maandishi ya kila namna. Kumbukumbu ni maandishi ya ofisi yaliyotunzwa, tena ni mambo yaliyomo kichwani, tena ni yaliyoandikwa mkutanoni. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 imejitahidi kuyatenga kwa upande wa Serikali. Kwa upande wa mtu binafsi hatuna utaratibu. Twapendekeza jalada litumike kwa karatasi za shauri moja, na nyaraka binafsi kwa jumla ya karatasi zote za mtu, zikiwamo barua na madaftari yake.

Lakini hata istilahi iliyo bora haitazuia mchwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na madaftari ya mawakili nayo yanapotea bila habari. Wakili akifa, ofisi hufungwa, kabati huuzwa, na karatasi huishia kufungiwa maandazi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inazo karatasi za Hans Cory, mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, na watafiti wengi wamenufaika nazo. Sauti ya aliyeyaandika mila kwa niaba ya dola imetunzwa. Inafaa sauti ya aliyeyatetea mila hayo mahakamani itunzwe pia.

Tunajua kwamba yapo mambo ya siri baina ya wakili na mteja, na siri hiyo ni ya mteja. Kwa hiyo karatasi haziwezi kuchukuliwa ovyo. Idhini ya mteja au warithi wake itafutwe, majina yafichwe pale inapobidi, na maelezo yanayoweza kumdhuru mtu aliye hai yafungwe kwa muda utakaokubaliwa. Masharti hayo si mageni. Maktaba zinazotunza nyaraka za watu zinayajua.

Jambo hili halifai kuahirishwa. Kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hukumu za miaka mingi zilizoandikwa kwa Kiingereza zinatakiwa kusomeka kwa Kiswahili, na hukumu ya Kambi ya Simba ni miongoni mwa zile zitakazorejewa mara nyingi. Mfasiri atakayeishika hukumu hiyo atahitaji kujua baba na mwana walisema nini siku ya kwanza, kabla ya kauli yao kugeuzwa. Tunaliomba Baraza lishirikiane na vyama vya mawakili na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, waanze na majalada ya kesi za ardhi za mkoa wa Arusha, na watoe orodha ya maneno ya mashahidi, kila neno likiwa na tarehe yake na tafsiri iliyopewa. Orodha hiyo ikipatikana, kamati ya istilahi itakuwa na kitu cha kuijadili zaidi ya kitabu cha sheria.